Bendi mbili ndani ya santuri moja: albamu ya kwanza ya Pink Floyd

Hedifoni zangu za zamani zilikuwa na ugonjwa wa hedifoni zote za bei rahisi: upande wa kushoto ulikufa mapema, wa kulia ukabaki unahema peke yake. Kwa miezi kadhaa nilisikiliza muziki hivyo hivyo, sikio moja likifanya kazi ya mawili, wala sikuona kasoro. Mpaka siku nilipoiweka albamu ya kwanza ya Pink Floyd. Kwenye wimbo wa saba, ule mrefu usio na maneno, karibu na mwisho wake, muziki ukaanza kupotea. Unakuja, unakwenda, unarudi, kama stesheni ya masafa mafupi usiku wa mvua. Nikapigapiga waya, nikaukunja pale unapopenda kukatikia. Waya haukuwa na kosa lolote. Mwaka 1967, huko London, waliochanganya sauti za wimbo ule waliuchukua muziki wote wakawa wanaurusha kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia na kuurudisha, na mimi nilikuwa naipata safari ya kwenda tu.

Albamu yenyewe inaitwa The Piper at the Gates of Dawn. Ilitoka Uingereza Agosti 1967, ina nyimbo 11 na urefu wa dakika 42 hivi. Mpenzi wa roki ukimuuliza kwa nini inasikika vile, mara nyingi atakujibu kwa herufi 3: LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone na kusikia mambo ya ajabu. Jibu hilo ni jepesi, na lina ukweli wake, ila haligusi jambo linalomchanganya kila anayeisikiliza kwa mara ya kwanza. Mbona santuri moja ina wimbo wa karibu dakika 10 wa gitaa na kinanda vinavyounguruma bila mstari hata mmoja wa kuimbwa, na unapokwisha tu kinaingia kiwimbo cha dakika 2 kumhusu kibwengo mmoja mwenye jina la kuchekesha, kama vile umehamishwa ghafla kutoka anga za juu hadi chumba cha watoto?

Dawa haipangi nyimbo namna hiyo. Nionavyo mimi, mle ndani mna bendi 2, na mkataba wa kampuni ndio uliozilazimisha kukaa kwenye sahani moja.

Tuanze na neno linalotumika kuutaja muziki wa aina hii, maana nalo linapotosha. "Saikedelia" lilizaliwa hospitalini. Humphry Osmond, daktari wa akili wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Kanada, ndiye aliyeliunda katikati ya miaka ya 1950 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya nafsi na kudhihirisha: kitu kinachoyatoa nje yaliyomo akilini. Alikuwa akizungumzia dawa alizokuwa akizitafiti. Miaka 10 baadaye wanamuziki wakaliokota. Oktoba 1966 bendi moja ya Texas, The 13th Floor Elevators, ililiweka kwenye jina la albamu yake ya kwanza, na kufikia mwaka uliofuata lilikuwa limewabeba watu wasiofanana hata kidogo: The Doors na Jefferson Airplane wa California, Jimi Hendrix aliyekuwa amehamia London, hata Beatles. Sisi tunaojua "bongo fleva" imebeba wangapi na wa aina gani hatuna haja ya kushangaa.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo lebo hiyo inaificha. Kijana wa Marekani wa mwaka 1967 alikuwa na barua ya jeshi kichwani. Vita vya Vietnam vilikuwa vinamtafuta yeye kwa jina, na hata muziki wa kuota ndoto kule ulikuwa na harufu ya baruti kwa mbali. Uingereza iliacha kuwaita vijana jeshini mwaka 1960. Hawa wa London, waliozaliwa kati ya 1943 na 1946, walikuwa kizazi cha kwanza baada ya muda mrefu kuachwa huru kwenda vyuoni. Utoto wao ulikuwa wa vyakula vya mgawo. Mgawo huo uliisha kabisa mwaka 1954. Zaidi ya hapo walikuwa na vitabu vya hadithi walivyosomewa kitandani. Basi wao walipofungua akili wakatazama ndani, walichokikuta kule hakikuwa vita. Walikuta paka, baiskeli, vinyago vya kufukuzia ndege shambani na mama anayesoma hadithi. Shikilia hilo, tutalirudia.

Ukumbi wa giza

Bendi ya kwanza kati ya zile 2 ilikuwa ya usiku. Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright walikutana wakisoma usanifu majengo katika chuo cha Regent Street Polytechnic, London. Syd Barrett, mchoraji kutoka Cambridge aliyekuwa akisoma sanaa Camberwell, akajiunga nao na ndiye aliyewapa jina, kwa kuunganisha majina ya wapiga gitaa 2 wa bluzi kutoka majimbo ya Carolina: Pink Anderson na Floyd Council. Walianza kama bendi 100 nyingine za wanafunzi, wakipiga bluzi za Wamarekani weusi kwa ufundi wa wastani. Ufundi huo wa wastani una maana katika hadithi hii. Wasingeweza kushindana na wapiga bluzi hodari wa mji ule. Ilibidi watafute pengine pa kwenda.

Walipopapata ni ndani ya klabu iliyoitwa UFO, iliyofunguliwa tarehe 23 Desemba 1966 kwenye ukumbi wa dansi wa Waairishi, chini ya ardhi, barabara ya Tottenham Court. Waanzilishi wake walikuwa Joe Boyd, Mmarekani mtayarishaji wa muziki, na John Hopkins, mpiga picha na mwanaharakati wa magazeti ya vijana. Watu waliingia usiku wa Ijumaa wakatoka alfajiri.

Kilichokuwa kikifanya kazi pale ni taa. Fundi anachukua vioo viwili vidogo vya slaidi, anatia kati yake wino wa rangi na mafuta, anaviweka mbele ya taa ya projekta. Joto la taa linaanza kuvichemsha. Matone yanavimba, yanapasuka, yanakimbiana, na ukutani yanaonekana makubwa kuliko mtu. Wanamuziki wanasimama ndani ya mwanga huo huo, hivyo nyuso zao hazionekani. Hapo mambo mengi yanabadilika kwa mkupuo. Mwimbaji hawezi kuwa nyota kama hana uso. Na matone ya mafuta hayana ubeti wala kiitikio, hayajui dakika 3 ni nini. Muziki unaoyasindikiza ukikatika kila dakika 3 ili watu wapige makofi, kila kitu kinavunjika. Kwa hiyo walichukua mdundo mmoja, wakauanza pamoja, wakauacha, wakatangatanga kwa muda wanaotaka, wakarudi wote kwenye mdundo ule kumalizia.

Msikilizaji wa dansi anaielewa hali hii kuliko anavyodhani. Rumba ina nyumba 2: kwanza mashairi, polepole, watu wameshikana; kisha linaingia sebene, magitaa yanashika usukani, na ukumbini sebene linaweza kwenda hadi shati lilowe na likauke. Kwenye santuri ndogo za zamani halikuenea. Ndiyo maana upande mmoja uliandikwa sehemu ya 1 na wa pili sehemu ya 2, na mtu alilazimika kuinuka kugeuza santuri katikati ya utamu. Pink Floyd wa UFO walikuwa bendi ya sebene tupu. Ule wimbo wao mrefu, Interstellar Overdrive, ambao kwenye albamu una dakika 9 na sekunde 41, klabuni ulikuwa na urefu wowote ambao usiku uliutaka.

Tena ulizaliwa kwa kukosea. Peter Jenner, mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa mmoja wa mameneja wao, alijaribu kuuimba kwa mdomo wimbo mmoja wa bendi ya Love ya Los Angeles uliomkaa kichwani. Jenner hakuwa mwimbaji. Barrett akaufuata kwa gitaa kadiri alivyousikia, ukatoka mdundo mwingine kabisa.

Gitaa lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Lilikuwa Fender Esquire ambalo Barrett alilibandika visahani vya kung'aa kama vioo, ili mwanga wa slaidi ukimpiga urudi kwa watu. Alikuwa akitelezesha kiberiti cha chuma, kile cha kuwashia sigara, juu ya nyuzi. Kipaji hicho hakikutoka mbinguni moja kwa moja: kulikuwa na kikundi cha London kiitwacho AMM ambacho mpiga gitaa wake, Keith Rowe, alililaza gitaa mezani na kulipiga kwa vitu vya kila namna, na Barrett alikuwa akimtazama. Kisha sauti ikapitishwa kwenye kisanduku cha Kiitaliano, Binson Echorec. Ndani yake kuna gurudumu la sumaku linalozunguka. Kichwa kimoja kinaandika sauti juu ya gurudumu. Vichwa vingine, vilivyopangwa kwa kuachana kidogo ukingoni, vinaisoma kimoja baada ya kingine linapopita. Unapiga noti moja, inakurudia mara kadhaa. Mpiga gitaa asiye na kasi ya vidole anaweza kujaza ukumbi mzima, mradi ajue kusubiri. Barrett alijua kusubiri.

Kampuni inataka nyimbo

Februari 1967 wakasaini na EMI, kampuni ya Beatles, kwa malipo ya awali ya pauni 5,000. Hapa ndipo bendi ya pili inapoingia.

EMI haikununua sebene. Biashara ya rekodi Uingereza wakati huo ilisimama juu ya santuri ndogo ya nyimbo 2, ya kupigwa redioni na kuuzwa kwa vijana. Barrett, kwa bahati njema ya kampuni, alikuwa pia fundi wa nyimbo fupi. Arnold Layne, santuri yao ya kwanza, ilitoka Machi 1967 na kufika nafasi ya 20. Ilihusu mtu anayeiba nguo za kike kwenye kamba za kuanikia, na Radio London iliikataa. Radio London ilikuwa ya maharamia, ikitangaza kutoka kwenye meli baharini ili kukwepa sheria. Hata maharamia wana adabu zao.

Arnold Layne ilisimamiwa na Joe Boyd katika studio ya nje. Baada ya mkataba, Boyd akawekwa kando, kwani EMI ilitaka mtayarishaji wake mwenyewe. Ikamleta Norman Smith, mwenye umri wa miaka 44, mpenzi wa jazi, aliyekuwa fundi wa sauti wa Beatles tangu walipoanza hadi mwishoni mwa 1965. Wapenzi wengi wa Pink Floyd wa klabuni walimwona Smith kama mzee wa ofisi aliyetumwa kuja kukata mbawa za ndege. Mimi sikubaliani nao. Bila mtu wa namna yake tungekuwa na mkanda wa saa moja wa kelele za kuvutia, ambao ungesikilizwa na waliokuwepo peke yao.

Studio za Barabara ya Abbey hazikuwa mahali pa wahuni. Mafundi wengine walivaa makoti meupe kama wa maabara. Mkanda ulikuwa na njia 4 tu. Yaani unarekodi dramu na besi kwenye njia ya kwanza, gitaa ya pili, kinanda ya tatu, sauti ya nne, basi, mkanda umejaa. Ukitaka kuongeza kitu, unazichanganya zote 4 na kuzimwaga kwenye njia 1 au 2 za mkanda mwingine, ndipo upate nafasi. Na ukishazimwaga hakuna kuzitenganisha tena; kama kinanda kiko juu mno, kitabaki juu mno milele. Kwa hiyo kila uamuzi ulikuwa wa mwisho. Bendi iliyozoea kuamua wimbo ukiwa unapigwa sasa ilitakiwa iamue kabla.

Kazi ilianza tarehe 21 Februari. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 21 Machi, walipelekwa chumba cha jirani kuwasalimia Beatles, waliokuwa katikati ya kurekodi Sgt. Pepper. Nyumba moja, mafundi wale wale, albamu 2 zitakazotoka ndani ya kiangazi kimoja. Tofauti ni muda: Beatles walikuwa wameachiwa studio miezi, na hawakuwa tena na mpango wa kupiga jukwaani. Pink Floyd walikuwa wakitoka studio jioni wakipanda gari kwenda kupiga mji mwingine.

Njia waliyoitumia kuuingiza wimbo mrefu ni mfano mzuri wa yote haya. Waliupiga kama klabuni, pamoja, kisha wakaupiga tena juu ya ule wa kwanza. Ukisikiliza vizuri utasikia bendi ikijijibu yenyewe: dramu mbili zisizokutana sawasawa, gitaa likilifuata gitaa. Klabu haikuweza kuhamishwa studioni, kwa hiyo wakatengeneza kitu ambacho klabuni kisingewezekana. Na lile jambo la muziki kuruka kutoka sikio hadi sikio nalo lina ndugu yake jukwaani. Tarehe 12 Mei, wakiwa bado na albamu mkononi, walipiga ukumbi wa Queen Elizabeth wakiwa na mtambo uliotengenezwa na fundi wa studio hiyo hiyo: kijiti kidogo ambacho Wright alikisukuma huku na huku, sauti ikawazunguka watu kutoka spika zilizowekwa pande zote za ukumbi. Uongozi wa ukumbi ulikumbuka zaidi mapovu ya sabuni yaliyoacha alama kwenye viti na maua yaliyokanyagwa kwenye zulia, ukawapiga marufuku.

Kwenye nyimbo fupi, studio ilifanya kazi nyingine. Kulikuwa na vyombo kila pembe, vimeachwa na vikundi vya kila aina, na Wright, ambaye ndiye aliyekuwa na masikio ya muziki kuliko wote, alivitumia bila aibu. Utasikia kinanda cha Farfisa, piano, selesta, vyote ndani ya nyimbo ambazo kiini chake ni mtu 1 na gitaa 1. Wimbo wa mwisho, Bike, unaanza kama mchezo wa mtoto anayemwonyesha msichana vitu vyake, kisha mlango unafunguka na tunaingia chumba kilichojaa saa, kengele na mashine, mpaka kinabaki kicheko kimoja kinachojirudia kama bata bukini aliyekabwa. Sekunde hizo za mwisho ndipo zile bendi 2 zinapokutana bila kugombana: hadithi ya mtoto inamezwa na kelele ya klabu.

Mpiga filimbi na fisi maji

Jina la albamu ni la sura ya 7 ya kitabu cha watoto cha Kenneth Grahame cha mwaka 1908, The Wind in the Willows. Katika sura hiyo Panya na Fuko wanapiga makasia usiku kucha wakimtafuta mtoto wa fisi maji aliyepotea. Karibu na alfajiri wanasikia filimbi, wanaifuata, wanamkuta Pan, mungu wa kale wa porini, na mtoto amelala salama miguuni pake. Kisha Pan anawapa zawadi ya ajabu: anawasahaulisha. Wakilikumbuka walilolisikia, furaha yao yote ya baadaye itakuwa ndogo mbele yake.

Nyimbo 8 kati ya 11 aliandika Barrett peke yake, na alizichota humo humo, kabatini mwa vitabu. Paka wa Siamu anakaa kando ya mchawi. Kinyago cha shambani kinasimama peke yake. Chapter 24 imetoka kwenye I Ching, kitabu cha ramli cha Wachina kilichokuwa mikononi mwa nusu ya vijana wa mji. Matilda Mother, ambao ndio walioanza nao siku ile ya kwanza studioni, ulikuwa na mashairi ya Hilaire Belloc ya kuwaonya watoto watundu. Wasimamizi wa mirathi ya Belloc wakakataa. Barrett akalazimika kuandika maneno yake, na akaandika juu ya kitu kile kile alichonyimwa: mtoto anayesomewa hadithi na mama yake, hadithi inakatika, anataka iendelee. Sijui kama kuna katazo la kisheria lililozaa wimbo mzuri kuliko huo.

Baba yake Barrett, daktari wa patholojia, alifariki Desemba 1961, Barrett akikaribia miaka 16. Waters baba yake aliuawa vitani Italia mwaka 1944, yeye akiwa mtoto mchanga. Sitaki kuuchora mstari mnyoofu kutoka kaburini hadi kwenye wimbo. Ila ukijua hayo, utoto wa albamu hii hausikiki tena kama kichekesho cha mtu aliyelewa. Barrett alikuwa anatumia LSD, na sana. Hilo hakuna anayelikana. Lakini wenzake walikuwa zaidi watu wa bia, na dawa ile ilikuwa imeshapigwa marufuku Uingereza tangu Septemba 1966. Kama ndiyo iliyofanya kazi, basi ilifungua kabati. Vitabu vilikuwemo tangu zamani.

Watu waliotaka wimbo mmoja

Juni 1967 ikatoka See Emily Play, ikapanda hadi nafasi ya 6. Ni wimbo wao uliojulikana kuliko wote wakati ule, na haumo kwenye albamu ya Uingereza. Wengi hudhani ni kosa la kiwanda. Haikuwa hivyo: desturi ya pale ilikuwa santuri ndogo na albamu ni bidhaa 2 tofauti, na kumuuzia mtu wimbo ambao tayari anao ilionekana kama wizi. Marekani waliona kinyume. Toleo lao la Oktoba liliufungua upande wa kwanza kwa wimbo huo huo, likatupa nyimbo 3, Bike ikiwemo, na kuacha santuri ya nyimbo 9 inayokatika bila kile chumba cha saa. Kwa hiyo ukisoma mzee wa London na mzee wa Chicago wakibishana juu ya albamu hii, angalia kwanza kama wanazungumzia kitu kimoja.

Umaarufu ukawapeleka nje ya London, na huko mgawanyiko ukawa hadharani. Ukumbi wa dansi wa mkoani umejaa vijana waliolipa kusikia wimbo wa redioni. Taa zinazimwa, mafuta yanaanza kuchemka ukutani, na inapigwa sebene ya robo saa. Wakarushiwa bia. Wakirudi UFO wanapokewa kama wafalme, kesho yake bia tena. Albamu ilipotoka, ilifika nafasi ya 6, picha ya jalada ikiwa imepigwa na Vic Singh kwa lenzi ya prizimu aliyopewa na George Harrison wa Beatles, nyuso 4 zikizidishana mpaka huwezi kuhesabu wako wangapi.

Enzi yenyewe ilikuwa tayari inakwisha. Hopkins alifungwa Juni kwa kosa la bangi. Redio nyingi za maharamia zilizimwa na sheria iliyoanza tarehe 14 Agosti, na mwishoni mwa Septemba BBC ikafungua Radio 1, ikawaajiri watangazaji wengi wa zile meli. UFO ilihama ukumbi, ikafungwa Oktoba. Kile ambacho leo tunakiita zama kilikuwa miezi 10.

Na Barrett alikuwa anaondoka kidogo kidogo. Maonyesho ya Agosti yalifutwa, ikatangazwa kwamba amechoka. Ziara ya Marekani ya Novemba ilikatizwa. Kama ilikuwa dawa, ugonjwa wa akili uliokuwa unamsubiri, au kazi ya kila usiku kwa kijana wa miaka 21, watu waliomjua wanabishana hadi leo. Januari 1968 David Gilmour, rafiki yake wa Cambridge, aliingizwa kama mtu wa tano. Siku moja mwezi huo, wakiwa garini kwenda kupiga Southampton, waliamua wasimpitie. Aprili ikatangazwa rasmi. Alitoa albamu 2 peke yake mwaka 1970, akarudi Cambridge, akachora, akatunza bustani, akafariki Julai 2006. Bendi ya sebene ndiyo iliyobaki na jina, ikarefusha zile dakika 10 hadi zikawa upande mzima wa santuri. Bendi ya vibwengo na paka iliondoka naye.

Nirudi kwenye hedifoni. Mwaka 1967 Waingereza wengi hawakuwa na sterio nyumbani. Walikuwa na mashine yenye spika moja, na toleo lililopewa muda na uangalifu studioni lilikuwa lile la mono, sauti yote ikitoka mahali pamoja. La sterio, lenye mchezo wa kushoto na kulia, lilichanganywa baadaye na kwa haraka zaidi. Kisha mono ikatoweka madukani kwa miaka mingi, na dunia nzima ikaijua albamu kupitia toleo la haraka, mpaka mwaka 2007 yalipotolewa yote mawili pamoja kuadhimisha miaka 40.

Nililipata hilo la mono kabla sijapata pesa ya hedifoni mpya. Nikaliweka na sikio langu moja la kulia. Kwenye wimbo wa saba, mwishoni, pale palipokuwa pakikatika, hapakukatika. Kumbe kinanda cha Wright kilikuwa kikienda chini ya kelele zote muda wote ule, kizito, kinashuka hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa nimeshazoea kudhani pale pana ukimya.